Msitu wa Ithembo Tuliowafyekea Wageni

Ulaya,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa ndugu yangu mkubwa Kilonzo,

Nakusalimu wewe, mke wako Mbithe, watoto, na mama yetu, mwaitu, ambaye najua atauliza kwanza kama ametajwa ndipo akubali kusikiliza mengine. Mnaamkaje huko? Magoti ya mwaitu yanasemaje? Yule ng'ombe mwekundu bado anasimama mwenyewe, au mmeanza kumwinua kila asubuhi kama wakati ule wa njaa? Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio si mzima, na ndiyo sababu leo utapata kurasa nyingi badala ya ule mmoja niliokuzoesha.

Barua ya Mbithe ilinifikia wiki mbili zilizopita. Tafadhali usimgombeze. Aliiandika bila wewe kujua, nyuma ya karatasi za shule ya Jumapili, na herufi zake zimepinda kwa haraka. Anasema mvua ya mwezi wa kumi na moja ilinyesha siku mbili ikakatika, na mbaazi zimekauka zikiwa na maua. Anasema kikundi cha mwethya, cha kazi za pamoja, kimekutoa kwenye uenyekiti, wewe uliyewachimbisha matuta kuanzia mtoni hadi kanisani bila kulipwa hata kikombe cha uji. Anasema ukifika kisimani mazungumzo yanakatika mpaka uondoke. Na anasema umemtuma mtu Shimba Hills akuulizie shamba, eti unataka kuhama uache kaburi la baba na la susu, nyanya yetu. Yote hayo kwa kuwa watu wanasema wewe ndiwe uliyeharibu ithembo, ule msitu wetu wa matambiko, na ndiyo maana mvua imetukataa.

Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za nyumba ninayopanga, kwa sababu nilishindwa kungoja nifike juu. Halafu nikakaa pale pale kwenye ngazi mpaka mama wa orofa ya chini akaja kuniuliza kwa lugha yao kama nimefiwa. Nilimwambia bado.

Kilonzo, mimi na wewe tunajua ni nani aliyeharibu ithembo. Leo nataka kuandika bila kuzunguka.

Sikuwahi kukueleza vizuri kazi yangu. Mwaitu huwaambia wanawake wa kanisa kwamba mimi ni mkubwa wa ofisi, nami nimemwacha aseme. Mimi ni karani wa majalada. Ofisi yetu ndipo nchi mbalimbali huleta maombi ili mahali pao pa thamani paandikwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Jalada likija, mengine mazito kama debe la mahindi, nalipokea, nalipiga muhuri, nalipatia namba na kulipeleka orofa ya pili. Basi. Miaka minne nimepitisha mikononi mwangu ngome za wafalme, makanisa ya mawe, maziwa na milima. Kila nikifunga kamba ya jalada nilikuwa nikijiuliza kama sisi wa Kanyangi hatuna hata jiwe moja la kuonyesha watu.

Halafu siku moja nikamkumbuka susu. Unakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka ithembo, miguu imejaa vumbi, hasemi na mtu mpaka ameosha kibuyu chake? Alikuwa miongoni mwa wale wanawake wachache waliokoma kuzaa ambao waliruhusiwa kuingia na wazee mvua ikichelewa, na wimbi, maziwa na mbuzi wa rangi moja. Sisi watoto wa kanisa tuliambiwa tupite pale tukitazama njia. Mwaitu hakutaka hata kusikia jina la mahali pale. Lakini baba, ingawa alikuwa mzee wa kanisa, hakuruhusu mtu apeleke shoka huko. Hata tawi lililoanguka lenyewe liliachwa lioze. Ndiyo maana msitu ule ulikuwa mzito vile, hauzidi ekari mbili, na mti mkubwa wa mumo katikati, wakati vilima vyote vya jirani vimebaki na mawe tu.

Kuna mtaalamu mmoja hapa, mzee mpole, ambaye maisha yake yote ameyamaliza akichunguza miti na mila za watu. Nilimweleza habari za ithembo letu tukiwa kwenye foleni ya chakula. Akaniuliza maswali mengi: nani analinda, kwa sheria gani, mpaka uko wapi, watu bado wanakwenda? Akasema siku hizi wameanza kukubali hata mahali ambapo hakuna jengo, ikiwa watu wenyewe wamepatunza kwa imani yao. Alikuwa na safari ya Kenya kwa ajili ya mambo mengine. Akasema atapita Kanyangi siku moja pamoja na afisa wa serikali kutoka Nairobi. Alinionya kwamba huo si ukaguzi. Ni kutazama tu, aone kama anaweza kuishauri serikali yetu iweke mahali pale kwenye orodha yake ya awali, ambayo ndiyo ngazi ya kwanza kabisa. Mimi niliyasikia masikio yakiwa yameshajaa furaha. Nilichoshika ni kwamba anakwenda kwetu.

Jioni hiyo hiyo nikakuandikia. Nayakumbuka maneno yangu yote, nimeyarudia mara nyingi kuliko zaburi yoyote: "Wageni watafika mwezi ujao. Itisha mwethya. Fyekeni vichaka vyote, mtoe miti iliyoanguka, mfagie, na mawe myapake chokaa kama kwa chifu. Wasije wakaona pori wakasema sisi ni watu wavivu."

Hayo ni maneno yangu, Kilonzo. Hukuyabuni wewe. Ulikuwa hata hutaki, maana ulinijibu ukiniuliza kama nina hakika, na mimi nikakujibu kwa simu ya upepo, telegramu ya maneno manne: "Nina hakika. Fanya haraka." Kwetu mgeni akija uwanja hufagiwa, hilo kila mtoto analijua. Lakini mimi nilikuwa na miaka minne ya kutazama picha za mahali walipopapenda, mawe yenye kuvu, kuta zilizotambaliwa na mimea, na hakuna aliyepafagia. Picha hizo nilizipiga muhuri bila kuziona. Ukitaka nikwambie ukweli wote, niliona haya. Niliogopa mzungu asije akaona kichaka akarudi kuniuliza, hiki ndicho ulichokuwa ukinisifia?

Mbithe ameniandikia ilivyokuwa siku ya kufyeka, jambo ambalo wewe hukuniambia kamwe. Anasema mwethya walikuja watu arobaini na panga zao, wakiimba, na kufikia saa nne jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye shina la mumo, mahali ambapo halijawahi kuingia tangu tuzaliwe. Ndege waliruka wote kwa pamoja. Akaja Mzee Musembi na fimbo yake, yeye ambaye ndiye peke yake aliyebaki kati ya wazee wa ithembo.

"Kilonzo, hii kazi ni nani amekutuma?"

"Hakuna mtu, mzee. Ni mimi nimefikiria."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu."

"Hapa hata kuni haiokotangwi. Susu yako alikuwa anakuja hapa na miguu tupu. Si unajua?"

"Najua, mzee. Lakini hao wageni wanatoka mbali sana. Tukiacha hivi, wataona nini?"

"Wataona ithembo," Mzee akasema, akageuka akaenda zake.

Mbithe anasema ulisimama na panga mkononi ukimtazama mpaka akapotea, kisha ukawaambia watu waendelee. Sababu hukuwaambia: ni mimi niliyekuwa nimesema.

Na wageni wakaja. Nasikia mapokezi yalikuwa ya kufana: nyimbo, kuku watatu, chapati, chai ya maziwa katika msimu ambao maziwa yalikuwa ya kutafuta. Mumo mmeupaka chokaa mpaka usawa wa kifua cha mtu. Yale mawe ya tambiko ya susu mmeyapanga mduara na kuyapaka pia, na pembeni mmechimba matuta mawili mazuri, na ubao umeandikwa Karibuni. Mtaalamu akauliza kwa upole, na afisa akatafsiri, "Sasa huo msitu uko wapi?" Nawe ukamjibu kwa furaha, "Ni hapa, daktari. Tumesafisha yote." Mbithe anasema mzungu alivua kofia, halafu akakaa kwenye jiwe moja kati ya yale meupe. Lilikuwa lile la kumwagia wimbi. Hakuna aliyemwambia, naye angejuaje? Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Wetu alikuja na mwenyeji hakupona.

Ripoti yake ilipita mezani kwangu kama karatasi nyingine yoyote. Nusu ukurasa. Niliisoma kabla ya mtu mwingine katika jengo hili, na nikaipiga muhuri kwa mkono wangu mwenyewe. Anasema mahali pale huenda palistahili kutazamwa zamani. Anasema sasa miti ya chini na mimea ya kutambaa imeondolewa, mawe yamehamishwa na kupakwa rangi, na mbali na mumo wenyewe hakikubaki cha kuonyesha jinsi watu walivyopatunza vizazi na vizazi. Kwa hiyo hawezi kushauri. Mstari wa mwisho anasema wenyeji walimpokea kwa ukarimu mkubwa ambao hatausahau. Huo mstari ndio ulionitoa machozi.

Nieleze na hili, maana Mbithe anasema wengine wanadai umeuza bomba lao la maji. Hakuna bomba lililokuwa linakuja. Orodha hii haileti bomba wala barabara. Inaanza na serikali, si na mtu wa kijijini wala karani wa Ulaya. Serikali huchagua mahali pa kupeleka, huandika jalada lenye ramani na mipaka na jina la atakayelinda. Wataalamu huenda kukagua. Halafu kamati ya nchi nyingi hukaa mara moja kwa mwaka, na inaweza kukubali, au kusema rudini mkatengeneze karatasi, au kukataa kabisa. Wanauliza maswali mawili makubwa: je, mahali hapa pana maana kwa watu wote wa dunia, au kwa wenyewe tu? Na je, bado pako vile palivyokuwa? Sisi hatukufika hata mlangoni pa hiyo kamati. Kila aliyewaambia watu kuhusu bomba alilitoa kichwani mwake, na kama alilitoa katika barua zangu, basi ni mimi niliyeandika kwa kujisifu mpaka ikasikika hivyo.

Miezi minane sasa, tangu ripoti ile. Nimekuandikia mara tatu humo katikati, na mara zote tatu nikasema jalada bado linatembea, mvumilie. Ulikuwa uongo. Hakukuwa na jalada. Nilikuwa nikiwaza jinsi mwaitu atakavyokaa kanisani. Nilikuwa nikiwaza wale wasichana wa shule wanaoambiwa wasome wawe kama mimi, Nduku. Niliona ni heri habari ile ingoje kidogo, isahaulike. Sikujua kwamba wakati mimi nangoja isahaulike, wewe ndiwe uliyekuwa ukiilipia kila siku kisimani.

Na sasa nifikie lililonifanya nikae kwenye ngazi. Mbithe anasema siku ile ile Mzee Musembi alipokuuliza, ulirudi nyumbani ukaitoa barua yangu kwenye Biblia, na karatasi ya telegramu ile pamoja nayo, ukavitia kwenye jiko. Yeye akakushika mkono, akakuuliza kwa nini. Ukamwambia, "Nduku ako peke yake huko. Mimi niko na watu." Akakuuliza tena baadaye, mvua ilipokataa na maneno yakaanza, kama bado hutaki kusema. Ukamwambia umeshasema.

Ndugu yangu, watu uliokuwa nao ndio hao wanaonyamaza ukipita.  Hapa nimeandika na kufuta mara nne. Ninakupenda na ninaona aibu.

Sijui kama mvua hujali miti. Mimi ni Mkristo kama wewe, na nimesoma katika majalada ya hapa kwamba ukame uliwahi kuja hata wakati mathembo yote yalikuwa mazima. Lakini sitamwambia Mzee Musembi hivyo. Mtu aliyetunza mahali miaka sitini ana haki ya kukasirika bila mimi kumfundisha.

Nilimtafuta yule mtaalamu baadaye. Alikuwa akinikwepa, nafikiri alinihurumia. Nilimwuliza kama kuna dawa. Akasema mumo haujafa, na mbegu bado ziko kwenye udongo. Watu wasipande kitu, wasipalilie, wasifagie tena. Waache chokaa ioshwe na mvua. Waache majani yaanguke na yaoze. Nikamwuliza itachukua muda gani. Akasema miaka ishirini, labda thelathini, msitu ufanane na ulivyokuwa. Kilonzo, hesabu miaka yako na yangu. Tutakuwa wazee kama Mzee Musembi, nao watu watakuwa wamesahau kwa nini hapakatwi kuni. Lakini akasema pia kwamba orodha haifungwi, na nchi inaweza kuomba wakati wowote. Mimi siombi tena orodha. Naomba tu mtu asipeleke ng'ombe pale, na wewe ndiwe unayeweza kuwazuia. Kwa hiyo usihame. Shimba Hills wana mvua yao, na hakuna aliyewaita wewe na watoto.

Nimeomba likizo. Desemba nitakuja, na nitashuka garini Kanyangi na kwenda moja kwa moja kwa Mzee Musembi kabla sijafika nyumbani. Wakisema natakiwa kutoa mbuzi, waseme awe wa rangi gani. Wakisema nisimame mbele ya mwethya, nitasimama. Mwaitu asinifiche nyuma ya kanisa.

Nisalimie shangazi yetu wa Mbumbuni anayesuka vikapu, umwambie kile alichonipa bado nakibeba sokoni. Nisalimie binamu yetu mwenye duka la vyuma Sultan Hamud, na mchungaji wetu aliyenibatiza, na fundi aliyejenga kaburi la baba. Msalimie Mbithe, mkeo na wifi yangu, kwa namna ya peke yake, na umwambie alifanya vyema. Kwa mwaitu sema ninamwomba msamaha kabla hajasikia, ili akisikia awe ameshasamehe.

Jambo moja la mwisho. Nilikuwa nimekusudia kukuambia uichukue barua hii uisome mbele ya watu. Kisha nikakufikiria vizuri. Wewe ungeifikisha jikoni. Kwa hiyo nimepiga chapa nakala mbili, maneno yale yale, bila kuruka hata mstari. Moja ni hii. Ya pili naituma kesho kwa rejista kwa jina la Mzee Musembi, kupitia sanduku la shule, na hii yako nitaishikilia siku kumi ili ile itangulie. Mjukuu wake mwalimu atamsomea, na nimeomba asome kwa sauti, mbele ya mwethya wote. Wewe unaposoma hapa, wameshajua. Huna tena cha kuficha kwa ajili yangu. Toka nje, uende kisimani.

Ni mimi dada yako, niliyesema mfyeke,
Nduku